Mwaka wa Kodi ya Mahali

Nilicheka matangani, na mpaka leo kuna watu mtaani kwetu Buyenzi hawajanisamehe. Ilikuwa siku ya tatu tangu tumzike mama yangu mdogo, Bi Zaina, aliyeuza chakula kwenye kona ya avenyu yetu kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi waliokuja kumlilia. Sisi wanawake tulikuwa tumeketi kwenye mikeka uani, wanaume wako nje chini ya turubai, na kati yetu ukuta ambao haujawahi kuzuia neno lolote kupita. Khitma ilikuwa imekwisha, chai imegawiwa, na mazungumzo yameanza kumwacha marehemu na kurudi kwenye shida za walio hai. Nikasikia sauti ya Idrisa, kijana mwenye duka la simu hapo jirani, akitaja kwa hasira kila kitu anacholipia: kibao cha duka, taka, ulinzi, leseni, hata kiti alichoweka nje kwa ajili ya wateja. "Mi nauliza tu," alisema, "kwa nini wasitafute kitu moja, mutu alipe hiyo, basi, wamuache afanye kazi yake?" Hapo kicheko kikanitoka. Nilijifunika uso kwa mtandio, lakini mabega yalikuwa yanatikisika na kila mtu aliona. Bibi aliyekuwa kando yangu akanifinya paja, akaniambia nimche Mungu. Namcha. Lakini maneno ya Idrisa nilishayasikia ndani ya nyumba ile ile nikiwa na miaka ishirini, na aliyeyapinga kwa nguvu zote ni huyo huyo tuliyekuwa tunamlilia.

Nani alinizaa, na kwa nini nililelewa huku na kule, hayo niyaache. Inatosha kusema kwamba mwaka ule, miaka kadhaa kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, nilipata nafasi chuo kikuu, na kwa kuwa kitanda cha bweni huko Mutanga kilikuwa cha kugombea, nikaenda kukaa kwa mama mdogo Buyenzi. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu. Cha mbele ndicho mgahawa: meza nne zenye vitambaa vya plastiki, mabenchi, na dirisha linalotazama barabara ya kwenda sokoni. Cha nyuma tulilala mimi na yeye, na ukuta kati ya kitanda changu na meza ya mafundi wa magari ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua nani anadaiwa mahari na nani gari lake limekufa injini. Asubuhi mama mmoja wa Ruziba, kule ziwani, alileta mukeke ndani ya beseni, samaki bado wanang'aa, na mpaka adhuhuri nyumba nzima inanukia mafuta, sombe ya majani ya muhogo na maharagwe yenye mawese. Jiko halikuwa na paa. Mvua ikinyesha mama mdogo alibeba majiko ya makaa, moja baada ya jingine, akayaleta chumbani kwetu, na mimi nikasoma uchumi huku machozi yananitoka kwa moshi. Alikuwa na ndoto moja tu maishani, kujenga chumba cha kupikia chenye bati, na aliizungumzia kila siku kwa namna watu wengine wanavyozungumzia kwenda Makka.

Hakukijenga kwa sababu ya chama. Serikali kubwa ilikuwa na kodi zake, hizo hatukuulizwa maoni, lakini avenyu yetu ilikuwa na serikali yake ndogo: chama cha wazee kilicholipa mlinzi, kilichosafisha mfereji, kilichotunza bomba la maji na kuzika maskini asiye na ndugu. Kazi hizo zilihitaji fedha, na wazee walizitafuta popote walipoona dalili ya uhai. Fundi alichangia kwa kila gari alilofungua, mshonaji kwa kila cherehani, mama mdogo kwa kila benchi na kila jiko. Ukiongeza kitu, unaongezewa mchango. Basi kila mtu alijificha. Mshonaji alifanya kazi na cherehani moja mbele ya watu, nyingine ikalala uvunguni mwa kitanda mpaka sikukuu. Mama mdogo aliupaka mgahawa rangi nzuri ya kijani kwa ndani, na kwa nje akaacha ukuta ubambuke, ili Saidi, mkusanyaji wa michango, akipita asije akaona maendeleo. Na ng'ambo ya barabara, kwenye kona bora kuliko zote, kulikuwa na uwanja wenye ukuta mrefu, ndani yake majani na mwili wa lori bovu. Mwenyewe, Bwana Nasoro, alikuwa mfanyabiashara wa ukoo wa Kiarabu, mwenye maduka ya vitambaa mjini na nyumba Kinanira, juu mlimani. Pale hakuwa na benchi, hakuwa na jiko, hakuwa na cherehani. Hakulipa chochote, na mlinzi wetu alimlindia lile lori bure.

Siku moja darasani mwalimu alitueleza, kwa Kifaransa chake cha polepole, kwamba kulikuwa na wataalamu waliotaka serikali ifute kodi zote na ibaki na moja tu, ya ardhi. Nyumba isitozwe, wala kazi, wala mali uliyoichuma kwa jasho. Itozwe ile ardhi tupu tu, kwa thamani ya mahali ilipo, kwa sababu ardhi hakuna aliyeitengeneza, na thamani yake inaletwa na barabara, soko na majirani. Wenzangu waliandika ili wafaulu mtihani. Mimi kalamu ilisimama. Niliuona uwanja wa Bwana Nasoro, nikaiona cherehani chini ya kitanda, nikauona ukuta wetu unaobambuka kwa makusudi. Nimefundisha uchumi muda mrefu tangu siku ile, na sasa naishi Mutanga Sud, karibu kabisa na darasa lile. Naweza kusema sijawahi tena kufurahishwa namna ile na jambo lililoandikwa ubaoni. Wanafunzi wangu waliponiuliza kama kodi ya namna hiyo inaweza kulisha nchi nzima, niliwaambia ukweli, kwamba sijui. Nchi si avenyu. Ila kuhusu avenyu nilikuwa na ushahidi.

Kesho yake mchana nilimsimulia mama mdogo tukichambua maharagwe. Sikujua kwamba Mzee Ramazani, mkuu wa mafundi na mwenyekiti wa chama, alikuwa kwenye meza ya karibu na mlango akila mukeke wake. Mzee yule alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na wakati wa kula hakuzungumza na mtu. Nikaona ameweka samaki chini.

"Rudia, mutoto," alisema. "Ile ya majiko kutolipiwa. Rudia."

Nikarudia. Alinawa mikono, akaniuliza mara tatu kama ni kweli mtu atalipa sawasawa hata akiwa na magari ishirini uani au asiwe na hata moja. Alikuwa amechoka, alisema, kumtuma Saidi kuchungulia chini ya vitanda vya watu wazima. "Tena huyu Saidi anachukiwa mpaka na mama yake," aliongeza, akaondoka bila kumaliza samaki.

Mama mdogo alingoja mzee afike nje. Halafu akanigeukia, na Kifaransa chake cha sokoni kikachanganyika na maneno kama kila alipokasirika. "Hadija, we unasoma, mi sisomi. Mais nakuuliza. Kona iko ya nani hapa?"

"Ya Bwana Nasoro, mama mudogo. Na yako."

"Voilà. Fundi wa mwisho kule mufereji unanuka, atalipa kidogo. Mi mujane, niko na meza ine, nitalipa ya kona. Nikishindwa, nahama. Nikihama naenda wapi? Na weye unasoma ukikaa wapi?" Alichukua ungo wa maharagwe mikononi mwangu kana kwamba sistahili kuushika. Nilijaribu kumweleza kwamba ataruhusiwa kuongeza mabenchi, ataruhusiwa kujenga, lakini alijibu kwamba benchi haliliwi. Na alikuwa na haki ya kuogopa. Nilipiga hesabu kichwani nikiwa nimelala, nikapiga tena, na kila mara ilitoka kwamba mwanzoni atalipa zaidi ya alivyokuwa akilipa. Nilimpenda sana, na niliogopa kwamba nimeingiza ndani ya nyumba yake kitu kitakachomtoa.

Wazee walikutana Ijumaa, baada ya asri, kwenye mabenchi mbele ya mgahawa. Wanawake hawakukaa kwenye mkutano wa chama. Mama mdogo alipeleka chai na kurudi jikoni, mimi nikaruhusiwa kusimama mlangoni kwa sababu Mzee Ramazani alikuwa ameanza kuniita profeseri. Wote walikubali upesi kwamba michango ya vitu ifutwe na ibaki kodi moja ya mahali. Matata yalianza kwenye kujua mahali pa nani pana thamani gani. Mzee Ramazani aliamua madaraja yawe matatu, la kwanza likilipa zaidi, kisha akafanya kosa ambalo lingefanyika kwetu tu: alimwomba kila mtu aseme mwenyewe mahali pake pakoje. Sasa, kwetu nani anasifia chake hadharani? Na jicho la hasidi liko wapi? Mshonaji akasema pale kwake jua linaua. Fundi wa redio akasema kwake vumbi, na wateja hawaoni mlango. Kinyozi, ambaye mlango wake unatazamana na msikiti na hupata vichwa kabla ya kila sala, aliapa kwamba pale alipo hata mbuzi hapiti. Mwenye baiskeli za kukodisha alisema hajui Mungu alimwekea nini pale, ila anashukuru. Kwa maneno yao, avenyu nzima ilikuwa daraja la tatu, na ilikuwa ajabu kwamba bado tuko hai.

Nilikuwa nimekata tamaa. Ndipo mshonaji akamgeukia kinyozi kwa hasira. "Kwako mbuzi hapiti? Kwako? Pale pahali maashallah, mi nikipata pale nashona na mashini ine!" Kinyozi naye akamjibu kwamba jua la mshonaji ni jua la sokoni, kila mama anayetoka kununua kitambaa anaanzia kwake. Na wote wakalipuka. Kila mmoja alijua uzuri wa mahali pa mwenzake kwa undani, kivuli, mlango, saa za wateja, na kwa kuwa alikuwa anasifia cha mwenzake hakuogopa chochote. Mzee Ramazani alijipiga paja. "Mufunge midomo!" alipiga kelele. "Kuanzia sasa, kila mutu anyamaze juu ya pahali pake. Azungumuze ya wengine." Magharibi haijaingia, kazi ilikuwa imekwisha, tena bila mtu kupigana. Uwanja wa Bwana Nasoro, daraja la kwanza. Kwa kinyozi, la kwanza. Kwa Zaina, la kwanza, na wote waliitikia kwa moyo mmoja. Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka, na mimi niliyemjua mwenye jiko nilijua hakikuanguka chenyewe.

Bila Bwana Nasoro yote yalikuwa maneno matupu, kwa hiyo Mzee Ramazani alinichukua twende kwake Kinanira. Tulipokelewa barazani, ziwa lote likiwa chini yetu na milima ya Kongo ng'ambo, tukaletewa kahawa chungu na halua kwenye kisahani chenye maua. Bwana Nasoro alikuwa mtu mpole, mwenye kanzu safi na namna ya kukuuliza habari mpaka uishiwe na ndugu wa kuwataja. Alisikiliza yote. "Lakini, Mzee Ramazani," alisema mwishowe, "mi pale sijajenga hata choo. Munanilipisha nini, upepo?"

"Unatulipa sisi, Bwana Nasoro. Ukiuza ile kiwanja kesho, muguzi atauliza nini? Atauliza soko iko karibu? Watu wanapita? Mufereji iko safi, mulinzi iko? Hiyo yote ni sisi."

Bwana Nasoro aligeuza kikombe kwenye kisahani. Nilitazama halua nisijue kama ni adabu kuongeza. Akanigeukia na kuniuliza kama haya ndiyo wanayofundisha chuoni siku hizi. Nikasema ndiyo, lakini si kwa watu wengi. Alicheka. Alisema marehemu baba yake alinunua uwanja ule wakati avenyu nzima ni matope, na kwamba hapendi watu wa msikiti wake waseme analindiwa lori na mafundi. "Mwaka mumoja," alisema. "Nalipa mwaka mumoja, kisha tutaonana." Tulishuka mlima kwa miguu, na Mzee Ramazani, ambaye magoti yalimsumbua, aliimba kaswida njia nzima.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu, siwezi kudanganya. Mama mdogo alilipa kodi yake akiwa amebana midomo, na kwenye sahani zetu mukeke ukatoweka, tukala dagaa wetu wa ndagala na mchicha wa lengalenga. Hakunilaumu, na hiyo iliniuma kuliko kama angenilaumu. Halafu siku moja alinunua benchi. Alilitoa nje mchana kweupe, akaliweka chini ya dirisha, akasimama kando yake mikono kiunoni. Saidi alitokea upande wa msikiti. Aliliangalia benchi, akamwangalia mama mdogo, akasema, "Salama aleikum, Bi Zaina," akapita. Mama mdogo aliingia ndani, akakaa kitandani kwangu, juu ya vitabu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalia. "Amepita," alisema. "Hadija, amepita tu!" Wiki ile ile alimwita fundi wa bati.

Sitaki kufanya mambo yaonekane mepesi. Mshonaji alitoa cherehani uvunguni, na mkewe akapata mahali pa kuweka masanduku. Ukuta wetu ukapakwa rangi nje. Bwana Nasoro, mfanyabiashara kuliko wote, hakuweza kuvumilia kulipia majani. Kabla ya Ramadhani alifungua lango, akaliuza lori kwa chuma chakavu, akawakodisha mafundi uwanja wote, na magari yaliyokuwa yakifunguliwa katikati ya barabara yakaingia ndani. Mafundi hao walikuwa na njaa, na jiko lenye bati lilikuwa hatua chache ng'ambo. Mvua ya masika ilipokuja nilikaa chumbani nikasoma bila moshi, nikisikia matone juu ya bati jipya na mama mdogo akimkaripia msichana wake wa kazi kwamba pilau haikorogwi. Sasa tulikuwa na meza nane. Baadaye vita vilikuja, vikawatawanya watu wale, chama kikafa pamoja na mambo mengi, na sijawahi kusikia kwamba kuna aliyekiandika popote. Lakini nilikuwepo. Niliona watu wakiacha kuficha vitu vyao.

Mwaka ulipotimia wazee walikutana tena kupanga madaraja upya. Mimi mlangoni, mama mdogo jikoni. Walinong'onezana kwanza kuhusu kumfukuza mlinzi, kisha wakaanza na uwanja wa Bwana Nasoro, ambaye safari hii alikuja mwenyewe akaketi kwenye kiti alicholetewa kutoka msikitini. Daraja la kwanza, hakubisha. Kwa kinyozi, la kwanza. Walipofika kwetu Mzee Ramazani alikohoa. Alisema Zaina ni mjane, amehangaika sana mwaka huu, na yeye kwa upande wake anaona daraja la tatu linatosha. Wenzake wakaitikia kwa huruma. Hata Saidi aliitikia. Na mimi, naapa, nilifurahi. Nilikuwa nimebeba hofu ile mwaka mzima na sasa walikuwa wananitua mzigo.

Mama mdogo alitoka jikoni akiifuta mikono kwenye kitenge. Alipita mbele yangu kana kwamba sipo, akasimama katikati ya mabenchi, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kusimama isipokuwa ameshika birika.

"Mzee Ramazani," alisema, "kama unataka kunioa, sema. Usinipunguzie kodi."

Wanaume wakaangua kicheko, na Mzee Ramazani akawa mwekundu mpaka masikioni, weusi wake wote usimsaidie. Mama mdogo hakucheka. Alingoja wanyamaze.

"Mwaka jana mulisema pahali pangu ni ya kwanza. Mi nililia, mutoto huyu anajua. Leo mafundi wamejaa pale ng'ambo, mi sikuwazaa. Watu wanapita hapa mpaka usiku, mi sikuwaita. Pahali pamekuwa pazuri zaidi, na nyiye munasema ya tatu. Mbaya iko nini hapa? Iko mi?"

Bwana Nasoro aliinamisha kichwa.

"Sadaka nitaomba siku nitashindwa," alisema mama mdogo. "Leo sijashindwa. Saidi, andika ya kwanza. Na mulinzi munayetaka kumufukuza, nimewasikia toka jikoni, mi sikubali, nalipa kama nyiye." Kisha akageuka kwa Mzee Ramazani, na sauti yake ikawa ya kawaida kabisa, ile ya kumwambia mteja akazime redio. "Sogea."

Mzee Ramazani akasogea. Kinyozi akasogea, mshonaji akasogea, na mama mdogo akaketi.